Jeli ya trifle na nanasi lisilopikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie trifle, kitindamlo ambacho familia kadhaa hapa Moshi zilikiandaa siku ya Krismasi, na ambacho mama mkubwa alikipanga katika bakuli la kioo ili tabaka zote zionekane: chini vipande vya keki ya jana, juu yake jeli nyekundu yenye matunda, kisha kastadi nzito ya njano.

Vijana wa ukoo wetu wanaojaribu kuipika upya hulalamika kwamba jeli haigandi, nao hulilaumu jokofu au, kama kawaida yetu, umeme. Kisa ni nanasi. Lisipopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huivunja jelatini, yaani protini inayoigandisha jeli, na papai nalo lina kimeng'enya chenye tabia hiyohiyo. Nanasi likichemshwa dakika chache, kimeng'enya huharibika na jeli huganda. Mama mkubwa, ambaye hakusoma kemia, alilichemsha nanasi kwa sukari kidogo mpaka likaanza kung'aa, akalichuja, na maji yake akainyunyizia keki.

Kastadi ya unga, aliyoibuni Alfred Bird huko Uingereza mwaka 1837 kwa kuwa mkewe hakuweza kula mayai, haina usumbufu huo, ila imiminwe ikiwa imepoa, la sivyo itaiyeyusha jeli.

Naliomba gazeti lako, linapochapisha mapishi ya sikukuu, lieleze pia sababu ya kila hatua.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi