Kompyuta Shuleni Zinahitaji Watu wa Kukaa Kando ya Wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni wa gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, na zaidi na wale wanaoendesha maisha yao kwa kazi ya kompyuta: waandishi wa programu, mafundi wa mitandao, wasimamizi wa mifumo katika benki, hospitali na halmashauri, pamoja na wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vinavyofundisha TEHAMA. Mitaala iliyoboreshwa ya Tanzania ilianza kutekelezwa Januari 2024, na sayansi ya kompyuta imo miongoni mwa masomo yaliyopewa nafasi katika elimu ya sekondari. Ninachoomba ni kwamba kila mwenye ujuzi huu achague shule moja iliyo karibu naye, ajitolee saa mbili kwa wiki kwa muhula mzima, afundishe akiwa pamoja na mwalimu wa somo, na shule nazo zimpokee kwa utaratibu ulioandikwa.

Ninasisitiza watu kabla ya mashine kwa sababu nchi yetu imewahi kuonja uchungu wa kuwa na mashine bila watu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake katika mfumo mpya wa kompyuta, na kazi hiyo ikaharibika, kwa sehemu kubwa kwa sababu wazalendo wenye ujuzi walikuwa wachache mno na mambo mengi yalitegemea wataalamu wa kigeni. Hesabu zikarudishwa kwenye utaratibu wa mkono, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ikatoka mwaka 2003, na leo hakuna ofisi ya maana inayofanya kazi bila kompyuta. Hata hivyo, sababu ile iliyotuangusha miaka hamsini iliyopita bado ninaiona katika shule zetu za kata kila ninapoingia katika chumba cha kompyuta.

Mashine zimeanza kufika. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka kompyuta katika shule nyingi za umma, wahitimu wa zamani na wafadhili wameongeza nyingine, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Upungufu mkubwa umebaki kwa mtu wa kuzifundishia. Katika shule ninayofundisha siku za Jumamosi, anayebeba somo la kompyuta ni mwalimu wa fizikia, mtu mwenye bidii na moyo wa kazi, ambaye ana vipindi vyake vya fizikia, ana zamu, ana daftari la maandalio ya masomo la kujaza, na ana rundo la kazi za wanafunzi za kusahihisha. Yeye anaweza kueleza sehemu za kompyuta na matumizi yake mbele ya darasa zima, lakini kuandika programu hakufundishiki kwa maelezo ya ubaoni pekee. Mwanafunzi hujifunza pale programu yake inapokataa kufanya kazi, na wakati huo anahitaji mtu aliyekaa kando yake, mwenye subira, anayejua maswali ya kumuuliza.

Nieleze kwa mfano, maana wengi wanaotaka kujitolea huniuliza watafanya nini hasa wakifika. Tunatumia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo haina gharama ya leseni na huendeshwa hata na kompyuta za zamani. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaambiwa aandike programu ya kujumlisha namba kuanzia 1 hadi 10. Anaandika vizuri, anaiendesha, na kompyuta inampa 45, ilhali jibu analolijua kwa hesabu ya mkono ni 55. Mkufunzi mwenye haraka ataona kosa mara moja: kijana ameandika range(1, 10), yaani amri ya kupitia namba moja moja kuanzia 1, na katika Python masafa hayo huishia 9, hayafiki 10. Atanyoosha mkono, atafuta 10, ataweka 11, jibu litakuja 55, na kijana atakuwa ameambulia jibu sahihi bila kujua lilikotoka. Wiki inayofuata atarudia kosa lile lile.

Njia yenye faida huchukua muda mrefu zaidi. Mwanafunzi anapewa karatasi, anachora jedwali lenye safu mbili, moja ya namba inayosomwa na nyingine ya jumla iliyofikiwa, kisha anakuwa yeye ndiye kompyuta: anasoma mstari mmoja wa programu, anaandika kinachobadilika, anasoma tena. Anaanza na 1, jumla 1. 2, jumla 3. 3, jumla 6. Anaendelea hivyo hadi 9, jumla 45, na hapo anagundua mwenyewe kwamba 10 haikuguswa kabisa. Kazi ya mkufunzi katika dakika hizo zote ni kuuliza: mstari huu unasema nini, namba hii imetoka wapi, ulitarajia kuona nini. Mimi nimejiwekea sharti, na ninalipendekeza kwa kila anayejitolea, kwamba mikono yangu haigusi kibodi ya mwanafunzi. Ni sharti gumu kulishika, hasa kwa sisi tuliozoea kulipwa kwa kumaliza kazi upesi, lakini ndilo linalotofautisha kufundisha na kumfanyia mtu kazi yake.

Watu hudhani pia kwamba umeme ukikatika, au luku ikiisha na shule haina fedha za kununua nyingine siku hiyo, somo limekufa. Sayansi ya kompyuta ina sehemu kubwa isiyohitaji kompyuta hata kidogo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand wamekuwa wakisambaza kwa miaka mingi mazoezi ya kuifundisha kwa kadi, kamba na michezo ya uwanjani. Zoezi ninalolipenda halihitaji hata kadi. Mwanafunzi mmoja anafikiria namba yoyote kati ya 1 na 1000, na wenzake wanatakiwa kuipata kwa maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Kundi la kwanza huanza kubahatisha: ni 7? ni 320? ni 999? Kundi litakalouliza kama namba hiyo ni kubwa kuliko 500, kisha likagawa tena nusu iliyobaki, na kuendelea kugawa, litaifikia kwa maswali yasiyozidi 10, kwa kuwa kila swali hukata nusu ya namba zilizobaki, na 2 kumi zikizidishwa pamoja huwa 1024, zaidi ya 1000. Baada ya hapo unaweza kuwauliza kwa nini daftari la mahudhurio hupangwa kwa alfabeti, na kwa nini simu inaweza kupata jina moja kati ya majina maelfu kwa kufumba na kufumbua. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakijiita wazito wa hisabati wakishikilia zoezi hili hadi kengele inalia, na furaha ya kuliona jambo hilo ndiyo inayonirudisha shuleni Jumamosi nyingine.

Intaneti nayo isiwe kisingizio. Programu ya Scratch, inayowafaa wanaoanza kujifunza kuandika programu, hufanya kazi bila mtandao ikishawekwa kwenye kompyuta, na ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mfumo wa Kolibri umetengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na mtandao wa uhakika, ili masomo yapakuliwe mara moja na kugawanywa kwa kompyuta zote za chumba. Anayejitolea anaweza kuyapakua nyumbani au ofisini na kuyapeleka shuleni kwa diski, baada ya kuhakikisha kwamba diski hiyo haina virusi, maana flashi chafu inaweza kuvuruga kompyuta zote za shule.

Jambo moja halionekani mpaka ukae ndani ya chumba chenyewe. Kompyuta zinapokuwa chache, wanafunzi watatu au wanne hukaa kwenye mashine moja, na karibu kila mara kibodi humwangukia mvulana aliyewahi kuitumia mahali pengine, huku wasichana wakibaki kutazama na kunakili katika madaftari. Hakuna anayewakataza, hali hujipanga hivyo yenyewe, na mwisho wa mwaka tunasema wasichana hawapendi kompyuta. Dawa yake ni kupanga zamu kwa saa: mmoja anaandika, mmoja anasoma maagizo kwa sauti, mmoja anafuatilia kwa karatasi, na kila baada ya dakika 10 wanabadilishana bila mjadala. Tulipoanza kufanya hivyo katika shule yetu, baadhi ya waliokuwa kimya kabisa ndio waliokuja kuwa wepesi zaidi wa kugundua makosa katika programu za wenzao, kwa kuwa walikuwa wamejizoesha kusoma kwa makini.

Sasa niseme kuhusu utaratibu, ambao kwa maoni yangu ndipo nia njema nyingi zinapopotelea. Mgeni anayekuja siku moja, akafundisha mada tano, akapiga picha na wanafunzi na kuondoka, hubakiza hamu isiyo na pa kwenda. Ni afadhali mtu afundishe mada mbili kwa muhula mzima. Afike kila wiki siku ile ile na saa ile ile; akipata safari, atoe taarifa mapema kwa mwalimu wa taaluma ili wanafunzi wasisubiri bure. Muhimu zaidi, afundishe mbele ya mwalimu wa somo na pamoja naye, na kila wiki atenge muda wa kuandaa naye kipindi kinachofuata. Mwalimu wa fizikia niliyemtaja sasa huongoza mazoezi ya Python peke yake, nami nimebaki kumsaidia pale anapohitaji. Naamini hicho ndicho kipimo cha kazi ya kujitolea: shule iweze kuendelea vizuri siku mjitoleaji atakapohamishiwa mkoa mwingine.

Kuwapo kwa mwalimu kunalinda wanafunzi pia. Mtu mzima asiye mtumishi wa shule hapaswi kuachwa peke yake na watoto ndani ya chumba kilichofungwa, hata awe na sifa njema kiasi gani, wala hapaswi kuwasiliana nao kwa siri kwa simu nje ya masomo. Mkuu wa shule amtambue kwa barua, afisa elimu wa kata apate nakala, wazazi waarifiwe, na mjitoleaji mwenyewe asione utaratibu huo kama dharau. Mimi niliombwa barua ya utambulisho na nakala ya kitambulisho cha taifa kabla ya kuruhusiwa kuingia darasani, na niliona shule hiyo inajua thamani ya watoto iliokabidhiwa.

Naomba pia nisieleweke kwamba ninapendekeza kazi ya ualimu ifanywe bure. Wapo wahitimu wengi wa ualimu wanaofundisha kwa kujitolea siku tano kwa wiki wakisubiri ajira, wengine kwa posho isiyotosha nauli, na hali yao inahitaji kushughulikiwa na Serikali kwa uzito wake. Ninayemwita mimi ni mtu mwenye kipato chake anayetoa saa mbili za wiki yake. Huyo hawezi kuchukua nafasi ya mwalimu aliyesomea malezi, mbinu za kufundishia na upimaji, na hapaswi kutumiwa kama sababu ya kutoajiri walimu wa kompyuta. Tena shule isimtoze mwanafunzi mchango wowote kwa ajili ya vipindi hivi.

Kuhusu lugha, ushauri wangu ni mfupi. Watoto wanatoka shule ya msingi waliposomea kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kidato cha kwanza. Basi mjitoleaji aeleze dhana kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha awafundishe istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo katika mtihani.

Wako wapi watu wa kuifanya kazi hii? Wako wengi. Likizo ndefu ya vyuo vikuu hukuta shule za sekondari zikiendelea na muhula wa pili, na katika wiki hizo wanafunzi wa kompyuta kutoka Dodoma, Dar es Salaam, Mbeya na Arusha huwa wamerudi nyumbani, katika kata zenye shule ambazo wengine wao walisoma. Vyuo vikiwapa barua na mwongozo mfupi wa kufundisha, tutakuwa na wakufunzi mpaka wilaya ambazo hazina kampuni hata moja ya programu. Waajiri nao, yaani mabenki, kampuni za simu na taasisi za umma, wanaweza kuwaruhusu watumishi wao watoke mapema kwa saa mbili siku moja ya wiki kwa kazi hii. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kuwafundisha upya vijana wanaowaajiri baadaye.

Wakuu wa shule nawaomba wasisubiri mjitoleaji abishe hodi. Waandike tangazo dogo, walipeleke ofisi ya kata, msikitini, kanisani na katika makundi ya wazazi, waeleze shule ina kompyuta ngapi zinazowaka, mwalimu wa somo ana nafasi siku gani, na wanahitaji mtu kuanzia lini. Mtaalamu mwenye shughuli nyingi huona ugumu kwenda kujieleza katika ofisi asiyoijua, lakini akiitwa kwa siku na saa maalumu, wengi watakubali. Shule zinafungua muhula wa pili mwezi Julai, na tangazo likitoka Juni, kutakuwa na muda wa kutosha wa kukagua barua, kukutana na mwalimu wa somo na kuandaa vipindi vya kwanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi wa programu za kompyuta,
Morogoro