Swila wa maji hapumui kama samaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wavuvi wenzangu wa Kigoma. Natega jarife kwenye miamba kusini mwa Ujiji, na kila anaponaswa swila wa maji nasikia vijana wakidai anapumua majini kama samaki. Hana matamvua. Ana pafu refu la kulia. La kushoto, kwa nyoka wengi, limedumaa au halipo kabisa. Anaweza kuzama hadi mita 25 na kukaa chini dakika 10 hivi akiwinda samaki, lakini lazima aibuke avute hewa. Jarifeni anakufa kwa kukosa pumzi, kifo kibaya mno.

Wanasema pia anawakodolea kwa hasira. Nyoka hana kope! Jicho lake limefunikwa na gamba angavu. Na ule ulimi wa panda hauchomi mtu, unaokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilichomo kaakaani. Hatari ni meno: sumu yake hushambulia neva, kwa hiyo asishikwe kwa mkono hata akionekana amekufa. Akiwa huru, mara nyingi humkimbia mtu.

Yupo na mwingine, mdogo, asiyepatikana kokote duniani ila Ziwa Tanganyika. Huyo hana sumu ya kumdhuru mtu, naye anapigwa makasia vilevile. Hilo linaniuma zaidi.

Nawaomba maofisa uvuvi wabandike picha za nyoka hawa wawili mialoni, waanzie Kibirizi na Katonga, kabla ya mwezi kuingia gizani na mitumbwi kujaa tena.

Mvuvi wa jarife,
Ujiji, Kigoma