Mama mdogo, usinitumie tena okidi za msituni

Mama mdogo wangu,

Jambo sana kutoka Goma. Jumapili nilikusikia vizuri, ila simu ilikatika kabla sijakujibu, na jibu lenyewe si la kutolewa kwa simu inayokatika-katika. Ulisema vijana wa hapo kwenu wamesikia kwamba watu wa Goma wanapenda "yale maua ya juu ya miti", kwamba wameshajaza gunia, na kwamba gari likipatikana utanitumia. Neno hilo nimelala nalo siku tatu. Nakuandikia hadharani kwa sababu wako wengine, Butembo, Bukavu, hata hapa Himbi, wanaotumiwa magunia ya namna hiyo na kuona haya kurudisha mkono wa mzazi.

Mkono wako siurudishi. Naomba tu gunia hilo liwe la mwisho. Kuhusu lile la kwanza sijawahi kukwambia yote.

Ulilituma wakati barabara ya Rutshuru bado inapitika. Ulikuwa umezifunga okidi kwa majani ya mgomba, kila moja na kipande chake cha tawi, kwa uangalifu ule ule unaofungia vanila zako. Zilikuwa 11. Nilizitundika barazani, nikakupigia kusema zimefika salama, na kweli zilifika salama. Nilichokuficha ni kwamba kiangazi kilipoisha, mwezi wa nane, nilikuwa nimebaki na moja.

Maji nilizipa. Lakini okidi ya mtini hainyonyi mti wala haina haja ya udongo. Imeshika gome tu, na mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe kama sponji inayofyonza mvua na umande. Ukiibandua, ngozi ile inachanika, na mzizi uliobanduka haushiki tena gome jingine. Mmea unabaki kula akiba yake mpaka uoteshe mizizi mipya, kama utawahi. Huko kwenu upande wa mto Semuliki kuna joto na hewa ina unyevu usiku na mchana. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, na kuanzia mwezi wa sita vumbi jeusi linaingia hata ndani ya kabati la sahani. Nilizitazama zikikunjamana, jani baada ya jani. Kumi, Mama mdogo. Mmea wa ukubwa ule hauoti kwa msimu mmoja, umekaa juu ya mti wake miaka na miaka.

Ile iliyobaki ilichanua mwaka uliofuata. Maua sita meupe, umbo la nyota, kila moja na mkia mwembamba unaoning'inia kwa nyuma, mrefu kushinda kidole changu. Mchana hayakunukia kabisa. Ikifika saa moja jioni harufu ilijaa baraza, ikaingia mpaka chumbani, na jirani akauliza ng'ambo ya ukuta nimenunua marashi gani.

Mkia ule ni mrija, na utamu uko chini kabisa ya mrija. Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza alitumiwa okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, akasema lazima kisiwani humo aishi nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona, na nondo huyo aliandikwa na wataalamu mwaka 1903. Okidi yako ni ndogo kuliko ile, lakini nayo ina mgeni wake wa usiku huko msituni. Nilikaa barazani jioni tano, taa nimezima. Nondo walipita wengi. Hakuna aliyetua.

Ndipo nikakumbuka mkono wako. Nilikuwa na miaka kumi uliponiamsha alfajiri twende shambani, kwa sababu ua la vanila hufunguka asubuhi moja na mchana limeshanyauka. Ulinionyesha jinsi ya kupasua ua taratibu kwa mwiba, kuinua kile kiulimi kinachotenga dume na jike, kisha kubonyeza chavua kwa kidole gumba. Huenda hakuna aliyewahi kukwambia kwamba vanila ni okidi. Ndiyo. Umelima okidi maisha yako yote. Asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa nchi nyingine haikuzaa, kwa kuwa wadudu wake hawakusafiri nayo. Aliyegundua njia rahisi ya kuichavusha kwa kijiti, mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius. Alikufa maskini. Kila nikishika kidaka cha vanila yako namfikiria mtoto huyo, na jina lake nimelifundisha nyumbani kwangu.

Basi nilichukua kijiti cha meno, nikachavusha maua mawili ya okidi yako. Moja lilishika. Tumba la mbegu lilivimba polepole, likakaa miezi, likapasuka lenyewe. Ndani mlikuwa na kitu kama unga wa kahawia, laini hata pumzi yangu iliupeperusha. Nilifurahi kupita kiasi. Niliupaka kwenye gome la mparachichi wa uani, nikalinyunyizia gome hilo maji mwaka mzima, na hakikuota hata kidoa cha kijani.

Nilisoma baadaye kwa nini. Mbegu ya maharage ina chakula chake ndani. Mbegu ya okidi haina kitu. Ikidondoka lazima ikutane na ukungu fulani, wa namna ya kuvu, si ule wa hewani, uzi mwembamba usioonekana, uilishe mpaka iwe na jani. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeliona jambo hilo, mwaka 1899. Ukungu huo uko kwenye magome ya miti yenu, na hakuna wa kuufunga kwenye majani ya mgomba. Ukibandua okidi 11 zilizo wazima umebandua mama 11, na mbegu zao hazitarudi kuota juu ya mti ule. Ndiyo maana gunia hilo linanikosesha usingizi. Si sheria peke yake, ingawa sheria ipo: chini ya CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama wa porini, ambao nchi yetu imo, okidi ya porini haivushwi mpaka bila kibali, na ndani ya hifadhi ya Virunga haruhusiwi mtu kung'oa mmea wowote. Vijana wakishaonja fedha hawataishia kwenye miti ya kijiji.

Utaniuliza, na wewe hizo unazozipiga picha unazitoa wapi?

Zile ni za chupani. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson aliotesha mbegu za okidi ndani ya chupa safi kwa sukari na madini, bila ukungu, na tangu hapo zikawa zao la kulimwa kama mengine. Ya kwanza niliinunua dola 25 kwa mama mmoja anayeleta maua kutoka ng'ambo ya mpaka. Ni Phalaenopsis, wa joto la Asia, maua mapana kama mabawa. Sasa ninazo saba, na hakuna mti uliovuliwa kitu kwa ajili yao.

Hapa nijisifie kidogo mji wangu. Vitabu vya Ulaya vinasema zipandwe kwenye vipande vya gome la msonobari. Msonobari siuoni hapa, lakini jiwe la volkano nakanyaga kila siku. Nililivunja kwa nyundo, vipande vya ukubwa wa kokwa la parachichi kwenda chini, nikaviosha maji manne mpaka yakatoka safi, nikavichemsha. Jiwe letu lina matundu kama mkate, linashika unyevu kidogo na kupitisha hewa nyingi, na halioziki. Gome huoza baada ya mwaka mmoja au miwili na mizizi huoza nalo. Nachanganya na vipande vya makala, yaani mkaa, vinavyobaki chini ya mfuko; mfuko wa makala sinunui kwa ajili ya maua, maana najua unatoka msitu gani. Lava iliyoteremka Januari 2002 na kumeza nyumba za jamaa zetu leo imeshika mizizi ya ua dirishani kwangu. Sijui nikuelezeje ninavyojisikia nikilitazama.

Jiwe hukauka haraka, kwa hiyo namwagilia kila siku ya tatu au ya nne. Mizizi yenyewe hunena: ikiwa ya kijani imeshiba, ikiwa ya rangi ya fedha ina kiu. Nalowesha chungu dakika kumi, nakiinua, namwaga yote. Wengi hapa huziua kwa kuziachia maji kwenye kisahani, wakidhani wanazionea huruma. Maua yakidondoka wanatupa mmea, na ulikuwa umepumzika tu. Zangu hutoa bua jipya baada ya wiki kadhaa za usiku wa baridi, na baridi hiyo Goma inanipa bure. Ila Julai nazisogeza mbali na kioo, kwa sababu chini ya nyuzi 15 huanza kuumia. Kitu kingine ambacho vitabu vya Ulaya havikijui ni jua letu. Sisi tuko karibu na Ikweta: mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini wa nyumba, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Kwa hiyo vyungu vyangu vinahama dirisha mara mbili kwa mwaka.

Maji ndiyo yaliyonipa taabu. Natumia ya mvua, kutoka mfereji wa bati. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ioshe paa, na siku volkano yetu ya Nyiragongo inapofuka sana sikingi, maana mvua iliyopita kwenye moshi ule huwa na asidi. Lakini mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, mabomba yalikauka, umeme ukazima, na kila mtu aliyeweza kutoka alikwenda ziwani na bidoni. Tulinywa maji ya Kivu, tukapikia, na kilichobaki kikaenda kwenye vyungu. Maji ya Kivu yana madini mengi, yana hali ya magadi. Baada ya wiki chache mawe yalipata ukoko mweupe na ncha za majani zikawa nyeusi. Sikulilia maua siku zile, tulikuwa na watu wa kuwalilia. Lakini mvua za Machi na Aprili ziliposhuka nilizitoa zote uani, nikaacha mbingu izisuuze. Moja ilichanua mwezi wa sita. Mwanangu mdogo, aliyekuwa ameacha kucheza nje tangu Januari, alikuwa anaamka na kwenda kuhesabu matumba yake kabla ya chai.

Sasa gunia. Zilizomo zisitupwe wala zisije huku. Vijana hawajakosa, usiwagombeze, wape kazi. Wazifunge kwenye mparachichi wako na kwenye miti ya kivuli ya kakao, upande usiopigwa na jua la mchana, kwa uzi wa mgomba, mizizi ikiegemea gome la kale lenye kuvumwani. Zikifungwa mapema, hewa ni yao na ukungu uko karibu, nyingine zitashika. Na mti ukianguka kwa upepo au kwa shoka, wazikusanye hizo wazihamishie hapo. Hao ndio wa kuokoa. Walio juu ya mti uliosimama waachwe. Ile yangu moja nayo, siku njia itakapotulia, nitakurudishia.

Ukinihurumia kwa kukosa gunia, nitumie kipande cha vanila. Nakijua kisu chako, ila niruhusu niseme: mita moja, kilale kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha kifungwe kwa gazeti, plastiki itakiozesha. Najua mara ngapi mmeliacha shamba lile kwa sababu ya usalama, kwa hiyo usiende kwa ajili yangu. Kata ule uliopanda kwenye nguzo ya jiko lako. Baridi ya Goma huenda ikaunyima maua kabisa. Nataka tu upande kwenye dirisha langu la jikoni, na watoto waguse majani ambayo bibi yao aliyagusa.

Mwanao wa Goma