Mwombaji asiyepanda ngazi, ofisi ya ghorofani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja linalowahusu watu wenye ulemavu wanaofuata mikopo ya halmashauri katika ofisi za serikali za mitaa hapa Dar es Salaam. Sizungumzii ukubwa wa fedha wala marejesho, ambayo yamekwisha kuandikwa sana. Nazungumzia njia anayolazimika kuipita mwombaji kabla ombi lake halijasomwa na yeyote.

Tangu mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwetu Tanzania Bara jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mtu aliyezaliwa na ulemavu na ambaye hajawahi kuajiriwa hana pensheni ya ulemavu anayoweza kuidai: ile ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni ya mwanachama aliyechangia, na ruzuku ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, hupewa kaya iliyotambuliwa kuwa maskini. Fundi anayejimudu kwa shida lakini hana mtaji hubaki akiitegemea ile asilimia 2.

Mdogo wangu ni fundi wa namna hiyo. Hutumia kiti mwendo, na cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Yeye na wenzake waliunda kikundi ili waombe mkopo huo, wakaandika katiba na muhtasari, wakafungua akaunti benki, kisha wakaanza kutafuta mihuri. Barua hutoka kwa mwenyekiti wa mtaa, ikapanda kwa mtendaji wa kata, ikaenda kwa afisa maendeleo ya jamii, na katikati hapo akatakiwa kwenda hospitali kupata uthibitisho wa ulemavu alionao tangu utotoni. Kwa mtu mwenye miguu yake hiyo ni adha ya kawaida, ambayo sote tunaifahamu. Kwake kila muhuri ni bajaji ya kukodi kwenda na kurudi, maana makondakta wa daladala wakiona kiti mwendo husema gari limejaa hata kama viti viko wazi.

Ofisi ya halmashauri aliyoelekezwa (siitaji, kwa sababu sidhani kwamba ni ya peke yake) ina dawati la mikopo ghorofa ya pili, na jengo halina lifti. Alibaki chini kwenye korido, karibu na mlango wa choo, fomu ikapandishwa na mlinzi. Ikarudi na maelekezo kwamba iambatanishwe picha ya mwili mzima inayoonyesha ulemavu. Nilipanda mwenyewe kumweleza afisa kwamba mhusika yuko hapo chini, anaonekana mwili mzima bila gharama ya picha. Nakiri kwamba sauti yangu haikuwa ya upole. Yule dada hakukasirika. Alichukua faili na muhuri wake, akashuka, akamsalimia mdogo wangu, akamuuliza maswali yote pale pale na kugonga muhuri juu ya mkono wa kiti mwendo. Haikufika hata robo saa. Kama afisa mmoja anaweza kufanya hivyo kwa utu wake tu, nashindwa kuelewa kwa nini usiwe utaratibu, kwamba kila wiki kuwe na siku inayojulikana ambapo maafisa wa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii hukaa pamoja kwenye ofisi ya kata, chini, na mwombaji akamaliza yote mahali pamoja.

Hofu ya udanganyifu naielewa. Fedha ya umma lazima ilindwe, na mjini hapakosi watu wa kujipenyeza kwenye kikundi wasichostahili. Lakini picha haimzuii mjanja, na wala haimsaidii mwenye uziwi au mwenye ulemavu wa akili, ambaye pichani hana tofauti na mtu mwingine yeyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ilikwisha kuweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Kamati hiyo inamjua jirani yake na inajua anavyoishi. Inapokuwa hai, ushuhuda wake uandikwe mara moja, uthibitishwe na daktari mara moja kwa ulemavu usiobadilika, na uhifadhiwe kwenye kumbukumbu za halmashauri ili ombi lijalo lisianze upya hospitali.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu tano waeleze hadharani ni lini dawati hilo litahamishiwa chini katika majengo ambayo hayana lifti, na mitaa ipi hadi leo haina kamati inayokutana. Mdogo wangu na wenzake bado wanasubiri majibu ya ombi lao, na fomu ya awamu ijayo tayari inadai barua mpya ya mtaa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam