Aliyetafuta udugu Hispania

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetushika. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa: mtu aliyeipigania nchi yake kama Marcelo H. del Pilar aliingiaje Frimasoni, ule udugu wa siri? Najua kwetu jina hilo likitajwa watu hufikiria utajiri wa ghafla na makafara. Kwa huyu yaweke kando hayo, maana alikufa fukara.

Alikuwa mwanasheria wa Bulacan, Ufilipino, enzi za Wahispania. Watawa wa Kikatoliki kutoka Hispania walishika ardhi, shule, na hata neno la mwisho kuhusu nani ni mkorofi. Kaka yake, padri Toribio, alipelekwa uhamishoni visiwa vya Mariana mwaka 1872. Naye Marcelo alipozidi kuwaandika watawa, wakamwandama, na Oktoba 1888 akapanda meli kwenda Hispania, akamwacha mkewe Marciana na binti zao, Sofia na Anita.

Sasa fikiria, somo. Amefika Barcelona hana cheo, na nchi yake haina mbunge hata mmoja Madrid tangu 1837. Nani atamsikiliza? Ndani ya loji, yaani tawi la Frimasoni, Mfilipino aliketi na mwanasiasa wa Kihispania, akaitwa ndugu. Alijiunga 1889, na baadaye, huko Madrid, akawa nguzo ya loji ya Solidaridad iliyojaa Wafilipino wenzake. Kiongozi mkubwa wa Frimasoni huko, Miguel Morayta, profesa wa historia, ndiye aliyeongoza pia chama cha Wahispania na Wafilipino kilichodai wabunge kwa ajili ya Ufilipino. Papa Leo XIII alikuwa ameshailaani Frimasoni mwaka 1884, lakini kwa mtu ambaye watawa walishamfukuza kwao, laana hiyo ingemzuia nini?

Kinachoniuma ni kwamba wabunge hawakupatikana. Ndugu wale walimpa viti na hotuba, kura hawakumpa. Gazeti la La Solidaridad, alilolihariri kwa miaka, lilifungwa Novemba 1895 kwa kukosa fedha. Husimuliwa kwamba alikuwa akiokota vipande vya sigara barabarani, avute apate joto. Kifua kikuu kikamuua Barcelona tarehe 4 Julai 1896, bila kuwatia tena machoni mkewe na wanawe.

Ila usidhani yote yalipotea. Mwaka 1892 Pedro Serrano Laktaw, mtu wake, alishiriki kuanzisha loji ya Nilad huko Manila. Julai ya mwaka huohuo ikazaliwa Katipunan, jumuiya ya siri ya kupigania uhuru wa Ufilipino, na ukiitazama utaona ilijifunza wapi: mgeni aliingizwa akiwa amefungwa macho kwa kitambaa, akaulizwa maswali, akapewa jina jipya, kisha akala kiapo kwa damu yake. Mwanzoni mwanachama mmoja aliandikisha wawili wasiojuana, ili akikamatwa mmoja asiweze kuwataja wote. Andrés Bonifacio, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa Frimasoni, na rais wa kwanza wa Katipunan, Deodato Arellano, alikuwa shemeji yake Marcelo. Agosti 1896, wiki chache tu baada ya mazishi kule Barcelona, wakashika silaha.

Kwa hiyo mimi simlaumu hata kidogo. Barua alizomwandikia Marciana zimehifadhiwa. Zisome hizo kwanza, kisha uniandikie unamwonaje.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako, somo yako