Mafuta ya karafuu kwenye chai ya mzee

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi nitoe dukuduku langu maana nimekaa nalo wiki ya tatu hii.

Mzee wangu anameza aspirini ya miligramu 75 kila siku tangu kiharusi kidogo kimpitie mwaka juzi. Mwezi uliopita kaenda kung'oa gego, kazi ya dakika chache tu, kang'atishwa pamba karudi nyumbani. Saa mbili usiku bado anatema damu kwenye kopo, pamba tumebadilisha mpaka imekwisha, mama huku anasoma dua huku anamlaani daktari wa meno. Tukamrudisha wakamshona ndo ikakata. Daktari wa zamu akamuuliza ukiacha aspirini kuna dawa nyingine unatumia, mzee akajibu bila wasiwasi, hakuna. Mimi ndo nikakumbuka kichupa.

Kichupa chenyewe mafuta ya karafuu, kaletewa na shemeji yangu kutoka Pemba, na muuzaji kasema matone matano kwenye chai asubuhi na jioni yanasafisha mishipa. Miezi miwili mzee anakunywa na sisi tunamuona. Na wala hakumdanganya daktari jamani, kwake yeye dawa ni vidonge na sindano, mafuta ni mafuta.

Sasa mafuta ya karafuu sio maji. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni kitu kinaitwa eujenoli, ndo hicho hicho madaktari wa meno wanachanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino (ile harufu ya kliniki ya meno, ni karafuu ile). Ukijikata, zile chembe sahani za kwenye damu zinakimbilia kidonda zinang'ang'aniana, halafu zinamwaga thromboksani ya kuita wenzao waje, ndo damu inaganda. Aspirini inaua ule wito kwa kuharibu kimeng'enya, yaani kile kinachotengeneza thromboksani, na chembe sahani haina kiini kwahiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kingine, inabaki bubu hivo hivo mpaka ife, siku 7 mpaka 10. Na eujenoli nayo maabara wameiona inazuia thromboksani hiyo hiyo. Siapi kwamba ni mafuta yaliyomtoa mzee damu, aspirini peke yake inaweza, lakini kumpa mtu vyote viwili na kesho yake anang'olewa jino ni kumtafutia balaa.

Watu wanasema mbona pilau tunakula. Kula, tena jaza sahani! Punje chache kwenye sufuria la familia nzima huwezi kulinganisha na mafuta ambayo yanatolewa kwa kuchemsha magunia ya makonyo (vile vikonyo vya karafuu) na majani mpaka yabaki matone. Na hayo ya kusafisha mishipa ni maneno ya muuzaji, vipimo vingi vimefanywa kwenye damu iliyo ndani ya mirija ya maabara, sio kwa mzee anayekunywa na chai. Halafu wenye watoto wadogo kifungieni hicho kichupa, kuna watoto waliokunywa wakaharibika ini.

Ninachoomba ni vitu viwili tu. Wanaofungasha waandike kwenye lebo kwamba anayetumia aspirini, au warfarini na klopidogreli (nazo dawa za kuzuia damu kuganda), asiyanywe bila kuongea na daktari, maana cha kwetu kimeandikwa "asilia 100%" na namba ya simu basi. Na madaktari msiulize "dawa gani", ulizeni unakunywa nini, unapaka nini, nani kakuletea nini.

Mzee kwasasa anapaka magotini. Shemeji kanuna, anasema nimemtukania karafuu zao.

Msomaji wako,
Unguja