Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: mikanda tumeizika chini ya sponji

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tanga. Mimi ni fundi wa viti vya magari, jirani na stendi ya Kange. Wiki iliyopita nilifumua viti vya Noah moja ya Muheza. Chini ya kava la zamani, kiti cha nyuma, nikakuta vichomekeo vitatu vya mikanda, vizima kabisa, vimefunikwa sponji na kushonewa juu. Mwenye gari akasema, "Fundi, hivyo viache humo humo, abiria wanalalamika vinawachoma." Gari lilitoka Japani na mikanda yake yote, sisi ndio tuliizika. Nasema sisi kwa sababu na mimi nimeshona nyingi za hivyo, na hela nilipokea.

Serikali haijalala, hilo nalikubali. Mabasi yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wamefunga kifaa kinachompigia dereva kelele akizidisha, tochi za trafiki za kupimia mwendo zipo mpaka tumezijua vichaka zinapokaa. Lakini karibu zote hizo ni za kuzuia ajali isitokee. Nazo zinatokea. Februari 2023 pale Magila Gereza, Korogwe, Fuso iligongana na Coaster iliyokuwa inasafirisha msiba kwenda Rombo. Sidai mkanda ungewaokoa wale. Nauliza habari za ajali ndogo zaidi, zile ambazo dereva anatoka akichechemea na wa nyuma wanabebwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Wa nyuma haimgusi. Hata huyo wa mbele, akimwona trafiki anauvuta kifuani, anaushikilia kwa mkono bila kuuchomeka, wakishapita anauachia. Nyuma tumebanana wanne wanne, mama kampakata mtoto. Kugonga kitu kwa kilomita 50, mwendo halali kabisa wa mitaani, ni kama kudondoka kutoka ghorofa ya tatu. Mikono ya mama gani itamzuia mtoto hapo? Na yule jamaa wa kilo 80 aliyekaa nyuma bila mkanda anageuka mzigo, anamponda wa mbele aliyefunga wake. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo hadi kwa asilimia 50. Sisi tunaukatia kava.

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama tunasomewa idadi ya ajali, tunabandikiwa stika, basi. Mheshimiwa, safari ijayo tusomewe na hili: waliokufa ndani ya magari, wangapi walikuwa wamefunga mkanda, na walikaa kiti gani. Bila hesabu hiyo utajuaje kinachofanya kazi? Sheria nayo ipelekeni bungeni, imtaje wa nyuma na imtaje mtoto. Na trafiki anapokagua gari asiishie kwenye taa na matairi. Aingie nyuma, apenyeze mkono kati ya kalio la kiti na mgongo wake. Atanikumbuka.

Ile Noah nilivifukua vichomekeo vyote vitatu, nikaviacha juu ya kava, kazi hiyo sikumtoza. Juzi imepita hapa imejaa. Juu ya kiti cha nyuma ametandika kanga, ameikunja mara mbili.

Fundi viti,
Kange, Tanga